Nani Atamkumbuka Malkia? Kwaya ya Shule katika Opera ya Dido and Aeneas

Ikisiri

Uhakiki wa kazi kuu za muziki zinapoimbwa na wanafunzi wa sekondari umezoea kuuliza swali moja: wanafunzi wamewakaribia mabingwa kwa kiasi gani? Makala haya yanadai kuwa swali hilo halitoshi, na kwamba kuna kazi ambazo shule inaweza kuzifichua kuliko jukwaa la mabingwa. Mfano unaochunguzwa ni Dido and Aeneas, opera ya Henry Purcell (1659–1695) kwa matini ya Nahum Tate, ambayo ushahidi wa zamani kabisa wa kuonyeshwa kwake unatoka katika shule ya bweni ya wasichana ya Chelsea, London. Kwa kuichunguza nafasi ya kwaya, muundo wa ombolezo la malkia na tatizo la kulitafsiri ombi lake la mwisho kwa Kiswahili, makala yanaonyesha kuwa kiini cha kazi hii ni jamii inayoshiriki kumwangusha mtu kisha ikaachiwa jukumu la kumkumbuka. Mwisho, yanapendekeza vigezo vya kuhakiki utendaji wa aina hii katika shule za ukanda wetu.

1.0 Utangulizi

Katika nchi za Afrika Mashariki, kwaya ya shule ni taasisi inayoheshimika. Tamasha la Muziki la Kenya, kwa mfano, lilianza mwaka 1927, na hadi leo lina vitengo vya nyimbo za kwaya za asili ya Ulaya sambamba na nyimbo za jadi za Kiafrika. Katika shule nyingi za Uganda, Tanzania na nchi jirani, mwanafunzi hukutana na Handel au Haydn kwa mara ya kwanza akiwa amesimama katika mstari wa kwaya, wala si akiwa ameketi kusikiliza. Hata hivyo, wahakiki wa Kiswahili, ambao wameandika mengi kuhusu ushairi, tamthilia na taarabu, wameuachia utendaji huu waamuzi wa mashindano. Nao waamuzi, kwa haki ya kazi yao, hupima usahihi wa sauti, matamshi, mwendo na nidhamu ya jukwaani.

Vigezo hivyo ni vya lazima. Kwaya inayoimba nje ya sauti haijaifikisha kazi kwa hadhira. Lakini vigezo hivyo vina dhana iliyojificha ndani yake: kwamba kazi kuu imekwisha kukamilika mahali pengine, katika rekodi au katika jumba la muziki la mji mkubwa, na kwamba shule inaleta nakala tu. Kwa mtazamo huo, utendaji bora wa shule ni ule unaomfanya msikilizaji asahau kuwa anasikiliza shule.

Makala haya yanaipinga dhana hiyo kwa kuitazama kazi moja kwa karibu. Dido and Aeneas imechaguliwa kwa sababu tatu. Kwanza, ni fupi. Huchukua takribani saa moja, na hivyo iko ndani ya uwezo wa shule yenye walimu wenye bidii. Pili, kwaya ina kazi kubwa ndani yake kuliko katika opera nyingi. Tatu, historia yake yenyewe imefungamana na shule.

2.0 Shule ya Chelsea na Historia ya Kazi

Josias Priest alikuwa mwalimu wa dansi na mtunzi wa dansi za majukwaa ya London. Yeye na mkewe waliendesha shule ya bweni ya wasichana huko Chelsea, iliyokuwa wakati huo kijiji nje ya jiji. Mwaka 1684 shule hiyo ilionyesha Venus and Adonis ya John Blow, kazi iliyokuwa imeonyeshwa kabla ya hapo mbele ya mfalme. Kuhusu Dido and Aeneas, nakala moja tu ya matini iliyochapishwa kwa ajili ya onyesho la Chelsea imesalia, nayo imehifadhiwa katika Royal College of Music, London. Ukurasa wake wa kwanza unaeleza kuwa opera hiyo ilionyeshwa katika shule ya Priest na wasichana wa tabaka la juu. Nakala hiyo haina tarehe. Mwaka unaotajwa mara nyingi ni 1689, ingawa wapo watafiti wanaoutanguliza.

Tangu miaka ya 1990 umeendelea mjadala kuhusu asili ya kazi hii. Baadhi ya wataalamu wamedai kuwa, kama ilivyokuwa kwa kazi ya Blow, opera hii iliandikwa kwanza kwa ajili ya ikulu, kisha ikapelekwa shuleni. Wanaonyesha kuwa nota zilizosalia zina sehemu za sauti za kiume, ilhali matini yanawataja wasichana peke yao. Aidha, nota za zamani kabisa tulizo nazo, zilizohifadhiwa Oxford, zilinakiliwa katika nusu ya pili ya karne ya 18, muda mrefu baada ya mtunzi kufariki. Na muziki wa utangulizi wa opera umepotea kabisa.

Hoja ya makala haya haitegemei upande utakaoshinda katika mjadala huo. Hata kama ikulu ilitangulia, shule ndiyo iliyoacha ushahidi. Jambo hilo lilijirudia baadaye. Mnamo Novemba 1895, London ilipoadhimisha miaka 200 tangu kifo cha Purcell, walioirejesha opera hii jukwaani, katika ukumbi wa Lyceum, walikuwa wanafunzi wa Royal College of Music wakiongozwa na Charles Stanford. Miaka 16 baadaye, mwaka 1911, Gustav Holst na wanafunzi wa Morley College, wengi wao watu wa kazi za mchana waliosoma jioni, waliirejesha The Fairy Queen ya Purcell huyohuyo baada ya kuzinakili nota zake kwa mkono. Kwa hiyo wanafunzi hawakuirithi kazi ya Purcell kutoka kwa mabingwa. Katika nyakati muhimu wao ndio walioitunza, na mabingwa wakaipokea kutoka kwao.

3.0 Kwaya kama Mhusika

Kisa chenyewe kinatokana na kitabu cha nne cha Aeneid ya Virgil. Dido ni malkia wa Carthage, mji uliokuwa karibu na Tunis ya leo. Yeye mwenyewe ni mkimbizi: alitoka Tiro baada ya mumewe kuuawa na kaka yake, akajenga mji mpya katika pwani ya Afrika. Aeneas naye ni mkimbizi kutoka Troy iliyoteketezwa. Malkia anampokea na kumpenda; kisha Aeneas anaondoka kwenda Italia, na Dido anakufa.

Msomaji wa Tate huona mara moja kwamba Aeneas amepunguzwa. Hana hata wimbo mmoja kamili wa peke yake. Karibu yote anayoyasema yamo katika usemi unaoimbwa. Nafasi aliyoiacha imejazwa na kwaya. Mwanzoni kwaya ni watu wa ikulu. Malkia anasita, akiwa amelemewa na huzuni asiyotaka kuitaja. Watu wake ndio wanaomsukuma: wanamhimiza ampende mgeni, kwani ndoa ya wafalme wawili italeta usalama wa nchi. Katika pango la wachawi, kwaya inakuwa kundi la wachawi wanaocheka kwa pamoja huku wakipanga kuuangamiza mji. Msituni, mvua inaponyesha, ni watu wa ikulu tena, wakikimbilia mjini. Bandarini, kwaya ni mabaharia wanaoitikia wimbo wa kuwaaga wapenzi wao kwa ahadi ambazo hawana nia ya kuzitimiza. Mwishoni, kwaya ni waombolezaji.

Katika jumba kubwa la opera, mavazi, taa na vipodozi huyatenga makundi haya hata yakaonekana kuwa watu tofauti. Katika ukumbi wa shule jambo hilo ni gumu. Wazazi walioketi wanawajua watoto wao. Msichana yuleyule wa mstari wa pili aliyemhimiza malkia apende, ndiye anayecheka pangoni, ndiye anayeitikia uongo wa mabaharia, na ndiye anayelia kaburini. Mhakiki mwenye haraka ataliona hilo kuwa upungufu wa vifaa. Makala haya yanaliona kuwa ufafanuzi wa kazi. Purcell ameipa kwaya ileile mdomo wa kushauri, mdomo wa kudhuru na mdomo wa kuomboleza. Shule, kwa uchache wa vifaa vyake, inatuonyesha kwamba midomo hiyo mitatu ni ya watu walewale.

Kuna jambo jingine ambalo shule inalijua kuliko jumba la opera, nalo ni nguvu ya rika. Wimbo wa kumhimiza malkia, ukiimbwa na watu wazima waliovaa kama mawaziri, husikika kama ushauri wa siasa. Ukiimbwa na vijana wa miaka 16 wakimzunguka mwenzao, husikika kama jambo wanaloishi nalo bwenini: kundi linalojua kuliko mtu mwenyewe anachopaswa kukitaka, na ambalo halitakuwapo wakati wa kulipa gharama yake.

4.0 Besi Inayorudiwa na Sauti Changa

Ombolezo la Dido katika tendo la mwisho ni miongoni mwa nyimbo zinazojulikana zaidi za karne ya 17. Limejengwa juu ya besi fupi ya vipimo vitano inayorudiwa mara 11 bila kubadilika. Besi hiyo inateremka kwa hatua za nusu sauti, ngazi kwa ngazi, kisha inarudi ilikoanzia na kuteremka tena. Juu yake sauti ya malkia haifuati mipaka hiyo. Sentensi zake huanza kabla besi haijamaliza mzunguko na huisha ikiwa imekwisha kuanza mwingine. Besi ni hatima isiyojadiliwa. Sauti ni mtu anayetafuta nafasi ya kupumua ndani ya hatima hiyo.

Wengi tumelijua ombolezo hili kupitia waimbaji wakubwa. Kirsten Flagstad aliliimba London mwaka 1951, na rekodi ya Janet Baker ya mwaka 1961 imekuwa kipimo kwa vizazi kadhaa. Ni kweli kwamba hakuna mwanafunzi wa sekondari atakayekuwa na upana wa sauti hizo. Lakini nota zenyewe zinadai nini? Ombi kuu la wimbo linaanza kwa kurudia noti moja tu, bila mapambo. Linaporudi ndipo sauti inapanda juu mara moja. Kinachodaiwa zaidi ya nguvu ni pumzi iliyopangwa, usahihi wa sauti juu ya besi inayoteleza, na ujasiri wa kuacha noti iliyosimama isimame. Mambo hayo hufundishika. Sauti changa, isiyo na mtikisiko mzito, huiacha besi isikike, na besi ikisikika, msikilizaji huelewa kwa nini malkia anaomba.

Hapa ndipo okestra ya shule inapobeba dhamana kubwa. Purcell anahitaji fidla za sauti mbalimbali na besi pamoja na kinanda cha nyuzi. Hataki tarumbeta wala ngoma. Lakini kundi hilo dogo halina mahali pa kujificha. Mpiga besi anayechoka katika mzunguko wa sita anauvunja wimbo kuliko mwimbaji anayekosea noti. Mhakiki anapaswa kumsikiliza mwanafunzi huyo, anayerudia vipimo vilevile vitano bila mtu kumtazama, kwa makini kama anavyomsikiliza mwimbaji aliyesimama mbele.

5.0 Ombi la Malkia kwa Kiswahili

Shule ya ukanda huu itakayoichagua kazi hii itakabiliwa na swali la lugha. Kuiimba kwa Kiingereza kunalinda mapatano ya silabi na noti. Kuiimba kwa Kiswahili kunampa mwanafunzi na mzazi wake maana bila mkalimani. Tatizo la msingi linajulikana kwa kila aliyejaribu kutafsiri nyimbo: mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mtunzi aliyeandikia lugha nyingine hakuliwazia hilo.

Tuchukue ombi la mwisho la Dido, la kutaka akumbukwe. Katika Kiingereza lina silabi nne, na Purcell ameweka uzito kwenye ya pili na ya nne. Ya nne ndiyo inayotua. Tafsiri ya kwanza inayokuja akilini ni "nikumbuke", ambayo nayo ina silabi nne. Idadi inatoshea, lakini mkazo unaangukia "mbu", silabi ya tatu, mahali ambapo muziki ni mwepesi. Matokeo yake ni neno linalovutwa na noti upande mmoja na lugha upande mwingine, na hadhira itasikia kitu kilichopinda hata isipoweza kukitaja.

Pendekezo la makala haya ni "nikumbukeni". Mkazo sasa unakaa kwenye "ke", silabi ya nne, palepale uzito wa muziki ulipo. Uzito mdogo wa silabi ya pili nao unakubalika. Silabi ya mwisho, "ni", inahitaji noti ndefu ya mwisho igawanywe iwe na mkia mfupi. Hiyo ni gharama, na mwalimu wa kwaya ana haki ya kuipima. Lakini kiambishi hicho kinabadilisha pia jambo kubwa zaidi ya mdundo. Katika matini ya Tate, Dido anazungumza na Belinda, msiri wake, aliyemshika mkono. Kwa Kiswahili cha wingi, ombi linawaelekea wote waliosimama jukwaani.

Je, huku ni kumpotosha Tate? Tukitazama kinachofuata, jibu ni hapana. Opera haiishii kwenye ombolezo. Malkia akishanyamaza, fidla zinaendelea kuteremka bila yeye, kisha kwaya inaimba peke yake, ikiwaita viumbe wenye mabawa wa mungu wa mapenzi watawanye mawaridi juu ya kaburi na kulilinda. Belinda hapewi neno la mwisho. Kwaya ndiyo inayojibu. Kiambishi cha wingi cha Kiswahili kinalitamka wazi jambo ambalo muundo wa muziki ulikuwa umekwisha kulipanga: aliyeombwa akumbuke ni jamii nzima. Msikilizaji wa Kiswahili hatashangaa. Katika mbolezi, kilio cha mmoja hakikamiliki mpaka waliokusanyika waitikie.

6.0 Maadili ya Shule na Ukaidi wa Kazi

Haifai kuisifu shule kupita kiasi. Shule huchagua kazi kwa nia ya kufunza, na nia hiyo inaweza kuibana kazi. Onyesho la Chelsea lilifungwa kwa shairi la Thomas Durfey, lililochapishwa mwaka 1690, linalosifu maisha ya wasichana waliotengwa na hila za wanaume wa mjini. Tate mwenyewe amelainisha kisa: katika Virgil malkia anajiua kwa upanga juu ya tanuri la kuni; katika opera anakufa kwa huzuni bila silaha. Ni rahisi basi kuigeuza kazi yote kuwa onyo: binti, usimwamini mgeni.

Lakini kazi inakataa kubanwa hivyo, na ushahidi umo ndani ya matini hayohayo. Katika Virgil, amri ya Aeneas kuondoka inatoka kwa miungu. Katika Tate, anayeleta amri ni mzuka uliotumwa na mchawi mkuu, ukiwa umejifanya mjumbe wa miungu. Aeneas anaitii amri ya kughushi bila kuihoji. Kisha, anapoyaona machozi ya Dido, anasema yuko tayari kuikaidi amri na kubaki. Dido ndiye anayekataa: mtu aliyewaza kumwacha hata mara moja hatamtaka tena. Kwa hiyo opera inawaweka mbele ya wanafunzi mwanamume anayetii sauti yoyote yenye cheo, na mwanamke anayeijua gharama ya neno lake. Funzo hilo ni zito kuliko onyo kuhusu wageni, na mwalimu anayelifuta ili kulinda adabu ya siku ya wazazi anawanyima wanafunzi sehemu waliyoistahili.

Suala hili lina uzito wa pekee kwetu. Katika nchi za Maziwa Makuu, darasa lenye mtoto aliyezaliwa kambini, au ambaye wazazi wake walivuka mpaka usiku, si jambo la nadra. Kisa cha mkimbizi aliyejenga mji, akampokea mkimbizi mwingine, kisha akaachwa, hakihitaji maelezo marefu katika darasa hilo.

7.0 Hitimisho

Uchunguzi huu unaelekeza kwenye vigezo vitatu vya nyongeza, vitakavyokaa kando ya vile vya waamuzi. Cha kwanza: je, utendaji umetufanya tusikie jambo ndani ya kazi ambalo utendaji wa mabingwa huelekea kulifunika? Cha pili: je, kwaya imetendewa kama mhusika mwenye dhamira, au kama ukuta wa sauti nyuma ya mwimbaji mmoja? Cha tatu: je, uamuzi kuhusu lugha, uwe wa kutafsiri au wa kutotafsiri, umefanywa kwa kuijua prosodia ya lugha zote mbili, na maana iliyozaliwa na uamuzi huo imefuatiliwa hadi mwisho?

Vigezo hivi havimpi mwanafunzi msamaha wa kuimba vibaya. Kinyume chake, vinamwongezea kazi, kwa sababu vinamtaka aelewe anachokiimba na kwa nini yeye, pamoja na wenzake, ndio wanaokiimba. Vinamwongezea kazi mhakiki pia. Itambidi ajue nota kidogo, asikilize besi, na aandike kwa Kiswahili kinachoweza kuyaeleza mambo hayo bila kuazima hukumu zilizokwisha kutolewa kwingine. Idara za Kiswahili na za muziki katika vyuo vyetu zinaweza kuanza kwa hatua ndogo: kuwatuma wanafunzi wao kwenye kumbi za shule za sekondari wakiwa na kalamu, na kuchapisha wanachokiandika. Utendaji wa shule hufanyika usiku mmoja, na mara nyingi haurekodiwi. Usipoandikwa, hakuna atakayeukumbuka.